Watu wa Ndi

Kurasa za mwanzo za kitabu changu cha Kifaransa ziliishia kufungia watu ugoro. Nilikikuta sokoni Kabati mikononi mwa mama muuza ugoro, akikichana ukurasa mmoja mmoja na kuukunja kama pembe ndogo, kila mteja na pembe yake. Kilikuwa kimebaki kuanzia somo la tatu. Nilipomwomba aniuzie mabaki aliniangalia sana, nadhani akijiuliza msichana mdogo hivi alianza kunusa lini, kisha akaniuzia kitabu na ugoro juu yake, maana hakuamini kwamba nilitaka karatasi peke yake. Ugoro nilimpelekea susu. Kitabu nikabaki nacho.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Ukambani. Aliishi Kathonzweni, kwenye boma letu, enzi hizo Makueni ikiwa bado chini ya Machakos. Mimi nilikuwa Kabati, upande wa Kitui, nikimsaidia shangazi dukani, kwa sababu masomo yangu yaliishia darasa la saba. Sikuishia hapo kwa kushindwa. Niliishia hapo kwa kukosa karo, na jambo hilo liliniuma hata nikaamua kujifundisha mwenyewe kila kitu kilichobaki duniani, na kukijua bila kosa. Hilo la "bila kosa" ndilo lililokuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa nikipima sukari, naimwaga, napima tena. Nilipanga sabuni maandishi yote yakitazama mlangoni, na mteja akichomoa moja ya katikati, niliipanga upya safu nzima kabla sijampa chenji. Wateja walisema shangazi ameajiri askari wa kulinda sabuni.

Kifaransa nilikichagua kwa sababu ya baba wa babu yangu. Alikuwa Mfaransa, au Mvalanza kama susu alivyotamka. Hakutoka Ufaransa kwenyewe. Alizaliwa kwenye kisiwa kimoja cha Wafaransa upande wa Madagaska, ambako watu wake walikuwa wamehamia zamani wakalima miwa na kuzaana. Akaja na meli hadi Mombasa, akapanda bara, akawa msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Kibwezi chini ya Waingereza waliokicheka Kiingereza chake. Alioa msichana wa Kikamba, akapeleka mbuzi waliotakiwa, akajenga, akazikwa hapohapo. Jirani mmoja aliapa kwamba alikuwa mzungu kabisa, mwingine kwamba alikuwa chotara. Susu, ambaye alimwona kwa macho, alisema rangi yake ilikuwa ya chai iliyonyimwa maziwa.

Picha yake haikuwepo. Bunduki hakuacha, wala shamba. Alichotuachia ni neno moja, nalo lilikuwa "ndi".

Kwetu mtoto akizaliwa hupewa jina kama Wakamba wote wanavyopewa, la babu au nyanya, au la hali aliyozaliwa nayo: mvua, safari, njaa, usiku. Lakini katika boma letu, siku ya kulitangaza, mkubwa wa nyumba alitaja jina la mtoto kisha akaongeza "ndi", akanyamaza hapo. Waliokuwepo wakaitika kwa pamoja, "Tutamwona." Kisha mtoto aliachwa akue. Siku moja, hata kama ni baada ya miaka mingi, mkubwa wa nyumba alisema amemwona, akamalizia jina. Baba yangu alikuwa ndi Taa, kwa sababu utotoni hakukubali kulala mpaka taa ibaki inawaka. Kaka yangu alikuwa ndi Kesho, na mtu yeyote aliyewahi kumwazima jembe atakwambia kwa nini. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye akishika neno huwezi kuling'oa, alikuwa ndi Msumari. Mzee mwenyewe, yule Mfaransa, aliitwa jina lake la kanisani, ndi Sansusi, na kwa kuwa hatukujua maana yake tuliamini lina uhusiano na susu fulani aliyemlea.

Shida ni kwamba kwa Kikamba, ukianza na "ndi", unakataa. "Ndikwenda" ni "sitaki". Kwa hiyo shuleni tuliitwa watu wa Sitaki. Mwalimu akiita majina yetu, darasa zima lilimalizia nyuma yake, "Ndikwenda." Tulizoea. Wengine wetu tulijibu kwa ngumi.

Mimi nilikuwa na tatizo la ziada. Nilifika miaka ishirini na susu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, alikuwa hajanimalizia jina. Wadogo zangu walikuwa na majina yao kamili, na hata binamu yangu mmoja aliyezaliwa baada yangu, msichana mwenye mdomo, alikuwa ndi Pilipili na aliringa nalo. Mimi nilikuwa jina langu, ndi, basi. Binamu huyo aliniita Ndi Nini. Kila Krismasi nilipokwenda nyumbani nilifagia uwanja mzima, nikasugua sufuria hadi zikawa kioo, nikakaa mahali ambapo susu angeniona vizuri. Mara moja nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini ananipita.

"Bado sijakuona," alisema. "Kila nikikuangalia unarekebisha kitu."

Basi nikarudi Kabati na kujifunza Kifaransa kwa bidii zaidi, nikidhani nikilijua lile neno la mzee atanihesabu. Nilijifunza mchana, saa za jua kali ambapo wateja hawaji, kitabu kikiwa juu ya gunia la maharagwe. Nilisoma kila herufi kama tunavyosoma Kiswahili. Nani angeniambia kwamba kuna watu duniani wanaandika herufi wasizokusudia kuzitamka? Mafundisho ya matamshi bila shaka yalikuwa kwenye zile kurasa za mwanzo, na zile kurasa zilikuwa zimetupwa kwenye njia zote zinazotoka sokoni Kabati, zikinuka tumbaku. Nilikariri vitenzi kwa sauti, na shangazi alidhani nasali.

Katika kamusi ndogo ya nyuma ya kitabu nilitafuta neno linaloanza na n na d. Hakuna. Nilitafuta Sansusi kama tulivyolitamka. Hakuna. Nilimaliza kamusi yote nikaianza tena, kwa hofu kwamba nimeruka mstari. Kisha, na hili nalisema huku nikiona aibu hadi leo, Mfaransa wa kweli aliingia dukani. Alikuwa mmoja wa wale waliokuja kuchimba visima, akataka soda. Nilikuwa na miaka kadhaa ya maswali kifuani. Nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi mpaka akaondoka, kwa sababu niliogopa kukosea kitenzi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pale baba mkubwa alipoamua kulifuta ndi.

Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani alikuwa amepita mhubiri mgeni aliyefundisha juu ya majina. Mhubiri alisema jina ni mlango. Baba mkubwa alirudi nyumbani akilifikiria jambo hilo, akaona kwamba mlango wa kila mmoja wetu umeandikwa "sitaki". Akahesabu mambo yaliyotuendea vibaya, na kila boma linayo. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kiume wa mwanawe, alikuwa amezaliwa wiki chache tu zilizopita. Jumapili ya kumweka wakfu ilikuwa imepangwa. Baba mkubwa akatuita wote nyumbani, nami nikaja kutoka Kabati, akatangaza kwamba mtoto huyo atatajwa kanisani jina la babu na jina la Biblia, na hapo ndi itakuwa imekufa. Hakuna atakayeongezewa kitu tena.

Susu alimuuliza, kama ndi ni ya kukataa, mzee ambaye Kikamba chake kilikuwa cha kuomba maji tu aliitoa wapi. Baba mkubwa akamuuliza, basi ni nini.

"Mtu akinieleza hilo neno ni nini," alisema, "na asiwe anabahatisha, nitalitamka mimi mwenyewe pale mbele, na maikrofoni. Haya. Mfaransa wetu, tuambie."

Watu wote wakanigeukia. Nilitazama viatu vyangu. Binamu yangu akasema, "Ndi Nini hajui ndi ni nini," na hata mimi ningecheka, kama si mimi niliyechekwa.

Ninachotaka mtu aelewe ni hiki: kama ile Jumapili ingepita vile alivyopanga, ningebaki maisha yangu yote mtu ambaye watu wake walisema "tutamwona" na hawakumwona. Wengine wote walikuwa wameshamaliziwa. Mlango ungefungwa nikiwa mimi peke yangu nje.

Kabla sijarudi Kabati, susu aliniita jikoni akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Yeye alikuwa wa mwisho aliye hai kupewa jina na mdomo wa mzee mwenyewe. Alipoletwa pale akiwa bibi arusi wa mwanawe, alikuwa akitwanga siku moja, mzee akasimama kumtazama, akacheka, akajigusa koo na kusema, ndi Lavwa. Koo. Susu alielewa: baba mkwe amesema mimi mlafi. Tangu siku hiyo hakula mbele ya mtu. Sote tulijua kwamba susu hula wa mwisho, kidogo, baada ya kila mtu kushiba, na tulimsifu kwa unyenyekevu. Kumbe ilikuwa ni jina.

"Nataka ndi ibaki kwa ajili yenu," alisema. "Lakini langu likiwa ni hilo la koo, usiniambie."

Siku ya kurudi nyumbani kwa ajili ya ile Jumapili nilipitia Emali, kwa sababu mama wa mtoto aliniagiza sweta jeupe na Emali siku ya soko mitumba ni mingi. Nilikuwa nimeinama juu ya turubai, nikikagua sweta la kumi kwa kutafuta uzi uliotoka, pikapu ikapita polepole ikiwa na vipaza sauti juu. Ilikuwa ya bendi ya Wazaire iliyokuwa ikipiga jioni ile kwenye baa moja ya pale. Mmoja wao alisimama nyuma na maikrofoni, shati la maua, akiwatambulisha wenzake mmoja mmoja kwa watu wa soko, wauza vitunguu na wenye mbuzi. Alitaja jina refu la mtu, akavuta pumzi kidogo, akasema "di", akataja la pili. Watu wakapiga miluzi. Akataja mwingine, jina refu, pumzi, "di", jina la pili. Di Radi. Di Jenerali. Ilikuwa ni sauti ileile. Kile kituo kidogo kabla, na kile kituo kidogo baada. Nilikuwa nimeisikia tangu nizaliwe, nje ya mlango wa jikoni kwetu.

Sikumbuki kuliweka lile sweta chini. Nakumbuka nikikimbia nyuma ya pikapu katikati ya mbuzi, msichana wa kanisa, kitambaa kikining'inia shingoni. Ilisimama kupisha lori. Nikashika ubao wa nyuma, nikamtazama yule mtu, na maneno ya Kifaransa niliyokuwa nimeyatunza miaka yote hiyo yakatoka kwa mara ya kwanza mbele ya binadamu.

"Kuestche kue chesti?" nikamuuliza.

Alishusha maikrofoni. "Mama, hiyo luga ni ya wapi?"

Nikamwambia ni Kifaransa, nimesema "hiki ni nini".

"Hiyo Kifaransa umeitosha wapi?" Alitaka kujua nimekitoa wapi.

"Kabati."

"Kabatini," akawaambia wenzake, "ndiyo maana inanuka vumbi." Wakacheka mpaka wakashikana. Hata muuza vitunguu alicheka, na yeye hakujua Kifaransa wala Kabati. Nilisubiri kufa kwa aibu, kama nilivyokuwa nimejitayarishia siku zote. Sikufa. Nilikuwa bado nimeshika ubao, na lori lilikuwa bado halijapita, kwa hiyo nikauliza tena kwa Kiswahili: hilo neno unalosema katikati ya majina, hilo "di", maana yake nini?

Akaacha kucheka. Akasema ni neno la Kifaransa lenye maana ya "anayeitwa". Mama yako anakupa jina moja, watu wakikuona ulivyo wanakupa lingine, na ukitaka kuyataja yote mawili unaweka "di" katikati. Nikamwomba aniandikie. Akapitisha kidole kwenye vumbi la ubao na kuandika herufi tatu: d, i, t.

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na kile kitabu. Kila ukurasa wake ulikuwa na hilo neno. Mtu fulani "dit" hivi, mwingine "dit" vile. Nililijua, nililikariri, nilijua maana yake ni kusema. Ila mimi nilisoma "diti". Niligonga ile t ya mwisho kwa ukamilifu wangu wote, na neno la mzee wangu likapita chini ya pua yangu miaka yote hiyo bila kunitambua.

Lori lilianza kusogea. Nikauliza harakaharaka, na Sansusi? Akafikiri, akalitamka kwa namna yake, akasema ni maneno mawili: bila wasiwasi. Halafu nikasita. Susu alikuwa amenikataza. Lakini niliona sura yake jikoni, sahani yake ndogo. Nikajigusa koo na kusema, "Lavwa."

Akaangalia mkono wangu kooni, akatabasamu. "La voix. Ni sauti. Mtu wa kuimba vizuri tunamwita hivyo." Pikapu ikaondoka, naye akanipungia, akanitangaza kwenye vipaza sauti kwa soko zima la Emali kwamba mimi ni mwalimu wake wa Kifaransa.

Sweta nilirudi kulichukua. Lilikuwa na uzi uliotoka kwenye mkono. Nililinunua hivyohivyo.

Nilipofika Kathonzweni jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa uwanjani wakichambua mchele wa kesho. Nilimwendea susu kwanza, nikamwambia sikioni. Hakuelewa mara ya kwanza. Aliniuliza, sauti ya nani. Nikamwambia, yako, mzee alikusikia ukiimba ukitwanga. Alikaa na ungo mapajani. Kisha akasema kwamba kweli siku ile alikuwa anaimba, na kwamba baada ya siku ile hakuimba tena mbele ya mzee kwa sababu alikuwa amenuna. Akacheka kidogo, akafuta macho kwa kanga, akaniambia niende nikamwambie huyo Msumari.

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, habari za di na za Sansusi pia. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda, kwamba nimeleta maneno ya walevi wa Emali, na zaidi ya hayo yule mlevi alisema "di". Sisi ni "ndi". Si neno moja. Aliuliza kama nimekuja kubahatisha.

Nilikuwa nimelitarajia hilo. Tangu Emali nilikuwa nimeligeuzageuza kichwani, kwa sababu wasiwasi una kazi yake nzuri pia: ulikuwa umeshaniuliza maswali yote ambayo yeye angeuliza.

"Baba mkubwa," nikasema, "pale shangazi anapofanyia kazi ni wapi?"

"Nduka," akasema. "Kwani?"

"Na mtu akiumwa anapelekwa kwa nani?"

"Ndakitali."

"Na wewe kanisani unafundisha nini?"

"Ndini," akasema, na neno lilikuwa limeshatoka mdomoni alipoanza kuona linakotoka.

Watu wakaanza kucheka taratibu, upande mmoja wa uwanja kisha mwingine. Ulimi wetu hauachi d isimame peke yake. Tunaipa n ya kuiegemea. Nikamwomba aseme "di". Alikaza midomo kama mtu anayevuka mto. "Ndi," akasema. Akajaribu tena. "Ndi." Binamu yangu alijaribu, baba akajaribu, uwanja mzima ulikuwa unasema ndi, ndi, ndi, kama shule ya chekechea, na hakuna aliyeweza. Baba mkubwa alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alipoanza alicheka sana, akajifuta uso na kusema kwamba mzee aliishi nao muda wote ule na hakuna aliyemsikia vizuri hata siku moja.

Miaka iliyofuata nilisoma zaidi, katika vitabu vyenye kurasa zote. Nikajua kwamba Wafaransa waliopelekwa ng'ambo zamani, askari kwanza na baadaye walowezi, walikuwa wengi wa jina moja kiasi kwamba kikosi kilimpa kila mtu jina la pili la kumtofautisha. Huyu wa maua, huyu wa furaha, huyu bila wasiwasi. Yaliwekwa baada ya "dit", na watoto wao wakayarithi, mengine yakabaki na ya kwanza yakasahauliwa. Mengi yalikuwa ya utani, mnene akaitwa mwembamba. Huenda babu wa mzee wetu alikuwa askari wa namna hiyo, huenda hakuwa. Siwezi kuthibitisha, na nimejifunza kuandika "huenda" bila kukosa usingizi. Lakini usiku ule sikuhitaji zaidi ya uwanja ule.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alimpokea mtoto, sweta jeupe, uzi ukining'inia mkononi, nami nikiuona kutoka benchi la nne. Baba mkubwa alisimama akashika maikrofoni. Alitaja jina la mtoto, lile la babu. Akataja la Biblia. Akanyamaza, na kwa pumzi ile moja niliogopa kwamba amebadilisha nia.

"Ndi," akasema.

Ilitoka na n yake nzima, kubwa, ikagonga mabati. Watu wa maboma mengine, waliotucheka tangu shuleni, walikuwa wamefungua midomo tayari kusema neno lao. Sisi tuliwatangulia. Tulikuwa tumejaa mabenchi mawili, na tuliitika kwa pamoja kama hatujawahi kuitika:

"Tutamwona."

Mchungaji aliuliza ni nini hiyo, na baba mkubwa, kwa maikrofoni, kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, alimweleza. Alieleza habari za majina mawili na neno la katikati kana kwamba amelijua tangu kuzaliwa. Alitamka "ndi" mara nyingi. Kifaransa chake kilikuwa kibaya sana. Nilikaa na mikono mapajani na sikumsahihisha, wala moyoni.

Nyumbani chakula kilipopakuliwa, shangazi alipeleka sahani ya kwanza kwa wazee wanaume kama kawaida. Susu akaikatiza njiani. Aliichukua, akakaa katikati ya uwanja mahali ambapo kila mtu alimwona, akala. Alikula wali na nyama bila haraka, na alipotaka kuongezewa alisema kwa sauti ya juu. Baba yangu aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Alipomaliza aliniita, akaniambia nisimame hapo mbele yake.

"Jana nimekuona," alisema. "Umefika hapa na vumbi mpaka kwenye nyusi, kitambaa kimelegea, sweta la mtoto limetoka uzi. Ukaongea mpaka ukamaliza. Hukurekebisha kitu." Akataja jina langu. Akasema, "Ndi Sansusi."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mimi, askari wa sabuni. Baba mkubwa alipinga, akasema hilo ni jina la mzee, ni la mwanamume, na zaidi ya hayo ni uongo mtupu, msichana huyu ana wasiwasi kuliko kuku.

"Na mzee je?" susu akamuuliza. "Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Mzee alikuwa anafunga punda, anaingia ndani, anatoka kwenda kuangalia kama amefunga. Analala, anaamka, anaangalia tena. Kamba za mkonge alizipanga kwa urefu. Sisi tulidhani jina lake ni la susu. Kumbe wenzake walikuwa wanamcheka."

Nilicheka hadi nikalia. Nilikuwa nimemtafuta huyo mtu kwenye kamusi, herufi kwa herufi, mara mbili, nikiogopa kuruka mstari. Kumbe nilikuwa namtafuta kwa mikono yake mwenyewe.

Baadaye binamu yangu, ndi Pilipili, aliita kutoka jikoni kama alivyoniita siku zote. "Ndi Nini, lete chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu yangu kabisa. Nikakaa. Akaita tena, sauti imepanda kidogo. Nikakaa, nikiangalia kuku. Kisha nikamsikia akicheka peke yake huko jikoni, akaita jina langu lote, la kwanza, na ndi, na la pili. Nikainuka na chumvi.